Maneno Yanayosomwa kwa Nyuma: Mhadhara juu ya Kanga, Kijembe na Tabia za Watu

 Mhadhara wa saa kumi jioni hushindana na kahawa ya barazani, na barazani hakuna anayechukua mahudhurio. Mada niliyopewa ni semi za kuchekesha juu ya tabia za watu. Ni mada pana kama bahari, na anayezamia bila kujua anachotafuta hurudi na maji puani. Kwa hiyo nimejichagulia kitu kimoja cha kutafuta. Nakusudia kuonyesha kwamba usemi wa kijanja juu ya binadamu, ule unaoanza na “watu” au “mwenye wivu” au “hasidi”, mara nyingi hautungwi wala haununuliwi ili kumweleza binadamu. Unatafutiwa mtu mmoja, mwenye jina na nyumba na majirani, ili umfikie bila ya mtu yeyote kulazimika kugombana. Usemi wa namna hiyo ndio kijembe, na neno “watu” humo ndani ni pazia. Ushahidi wangu mkubwa ni kanga. Nitaeleza hoja tatu, nijibu wanaonipinga, kisha niwaombe wanafunzi kazi moja.

Najua wapo watakaoshangaa kwamba nimeacha vitabu nikashika nguo. Ufaransa mwaka 1665 zilichapishwa semi fupi za François de La Rochefoucauld, mtu wa ukoo mkubwa, zinazochambua kujipenda kwa binadamu kwa ukali wa wembe, na hadi leo zinasomwa katika vyuo. Nampenda mtu yule. Lakini angalieni jambo moja: chapa ile ya kwanza haikutoka na jina lake juu ya jalada. Mtu mwenye cheo, mali na upanga kiunoni alipotaka kusema ukweli juu ya wenzake aliona heri jina libaki nyuma ya mlango, ingawa mjini Paris waliomjua hawakuhitaji kuambiwa. Ikiwa yeye aliona haja hiyo, mwanamke wa mtaani Mombasa au Unguja, asiye na cheo wala upanga, alikuwa na haja mara kumi. Naye alipata chombo bora kuliko kitabu.

Chombo hicho kina historia inayofahamika vizuri. Kabla ya kanga, nguo ilikuwa tayari inasema. Palikuwa na merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilicholetwa na wafanyabiashara wa Kimarekani, na palikuwa na kaniki, nyeusi kwa nili, vazi la watumwa na la kazi za jua. Aliyekutana nawe njiani alikusoma daraja lako kabla hujafungua mdomo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa mwambao wakaanza kununua leso za Kireno kwa kipande kisichokatwa na kuziunga zikawa nguo moja pana, ndiyo maana Mombasa hadi leo wanasema leso. Zilipoanza kuchapwa kama nguo kamili zikaitwa kanga, kwa madoa yake yanayofanana na ya ndege aitwaye kanga. Unguja, baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamefungiwa ndani ya kaniki walikimbilia kanga. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza vizuri jinsi vazi hilo lilivyokuwa tangazo la uungwana mpya. Maandishi yakaja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa Kilatini. Anayetajwa sana kwa kuyaeneza ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye alama ya duka lake bado inachapwa: K.H.E. – Mali ya Abdulla.

Hoja yangu ya kwanza inaanzia kwenye alama hiyo. Chukueni kanga mkononi muitazame kama fundi anavyotazama mashine. (Naona dada wa safu ya pili ameshaivua yake begani, ahsante, inyooshe hivyo hivyo.) Kuna pindo inayozunguka pande zote nne. Kuna mji, uwanja wa katikati. Na hapa chini, kwenye kisanduku chembamba kilicholala, kuna jina. Zingatieni kwamba Kiswahili hakiliiti tangazo, kinaliita jina, mnunuzi akifika dukani huuliza, “Hii ina jina gani?” na muuzaji huikunjua mpaka kisanduku kionekane. Sasa ulizeni hilo neno ni la nani. Nguo ina mwenyewe, imeandikwa waziwazi mali ya nani. Neno halina. Hakuna kanga iliyochapwa “Hasidi hana sababu, amesema fulani binti fulani.” Mwenye duka atasema ndiyo yanayotakiwa na wateja, mteja atasema ameikuta imeshachapwa, na aliyevaa atasema alipenda rangi. Hii ya rangi ndiyo nzuri kuliko zote, kwa kuwa mara nyingine ni kweli, na hakuna hakimu duniani atakayeweza kuitenganisha ile ya kweli na ile ya uongo.

Kisha tazameni mahali pa kisanduku. Mwanamke anapojifunga kanga kiunoni, jina huangukia nyuma. Maana yake, akija kwako unamwona uso, anakusalimu, unamwitikia, mnaulizana habari za watoto. Anapokupita ndipo unasoma: “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.” Wakati unapomaliza kusoma yeye ameshafika kwenye kona, na macho yake hayapo ya kukutazama unapobadilika rangi. Ukitaka kujibu itakubidi umkimbilie, na mtu mzima anayekimbilia maandishi ya kwenye nguo ameshindwa kabla hajafika. Sijui kama kuna chombo kingine kilichobuniwa kwa ustadi wa namna hii: salamu inatolewa kwa mbele, na neno linatolewa kwa nyuma. Wenye daladala na bodaboda wamejifunza hapo hapo. Msemo mkali mara nyingi hauwekwi kwenye kioo cha mbele, unaandikwa kwenye madigadi au juu ya kioo cha nyuma, usomwe na yule ambaye tayari ameachwa.

Hoja ya pili inamhusu anayesoma. Usemi wa jumla humwachia msomaji kazi ya kujitafuta ndani yake, na hapo ndipo ulipo mtego. Mwanamke amevaa “Hasidi hana sababu.” Jirani anamjia juu: “Unanisema mimi?” Jibu liko tayari tangu siku nguo ilipochapwa: “Kwani wewe ni hasidi?” Hakuna neno la kuongeza baada ya hapo. Aliyeuliza amejivika mwenyewe. Watu wa mwambao wana methali, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na kwa kawaida huifundisha kama sifa ya akili ya kufumbua. Mimi naisoma kwa upande mwingine. Katika kijembe mwerevu huligangua fumbo, akanyamaza, akaenda zake nyumbani kujirekebisha au kutafuta kanga ya kujibu. Anayepiga kelele kwamba ameelewa ndiye mjinga. Mtafiti Rose Marie Beck, aliyeandika kwa kina juu ya kanga kama njia ya mawasiliano, ametilia mkazo utata huu: ujumbe upo na haupo, na pande zote mbili zinaufaidi. Aliyesema anaweza kukana, na aliyesemwa anaweza kujifanya hakusoma. Wote wawili kesho watakutana bombani.

Kama mnataka kuliona jambo hili likitembea kwa miguu, nendeni kwenye taarabu. Mwimbaji yuko jukwaani, anaimba juu ya “mtu” fulani asiyetulia na nyumba yake. Ubeti unapofika pale panapouma, mwanamke anainuka kitini na noti mkononi. Haendi haraka. Anacheza taratibu kwa mabega, anazunguka kidogo njiani, na katika kuzunguka huko anapita karibu na meza moja ambayo haikuwa njiani. Anamtunza mwimbaji, anarudi. Hakusema neno. Mwimbaji naye hamjui aliyelengwa na wala hakumtungia. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002, amelifafanua tendo hili la kutunza na kuonyesha kwamba mtunzaji hukodi ubeti wa mwenzake kusemea yake. Miaka ya 1990, wakati vikundi vya Tanzania One Theatre na Muungano vilipokuwa vikishindana, na waimbaji wao Khadija Kopa na Nasma Khamis wakirushiana mipasho, ukumbi mzima ulijua nani anamwimba nani. Hata hivyo kila mwenye ugomvi wake wa mtaani aliuchukua wimbo ule ule akaondoka nao kama wake. Neno lisilo na mwenyewe linaweza kuazimwa na wote.

Nakuja kwenye hoja ya tatu, ambayo najua itawaudhi walimu wa methali. Tumelelewa kuamini kwamba methali ni ukweli juu ya binadamu uliokusanywa na wahenga. Haya, tuwaulize wahenga. Wanasema haraka haraka haina baraka. Wanasema pia chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wanasema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanasema damu nzito kuliko maji. Wanasema pia fimbo ya mbali haiui nyoka, ambayo ukiisemea udugu inakutaka umtegemee jirani. Kama hizi zingekuwa kanuni za tabia ya binadamu, mtu aliyezitunga angefukuzwa chuo mwaka wa kwanza. Lakini duka la dawa lina ya kufunga tumbo na lina ya kulegeza, na sijasikia mtu akimwambia mfamasia kwamba anajipinga. Anayeumwa ndiye anayeamua ipi itoke rafuni. Methali ya mgeni na jembe haielezi wageni. Inasubiri siku ya tatu, inamsubiri shemeji fulani aliyekuja na begi dogo na sasa anauliza wapi pa kuanikia nguo. Siku ile inakuwa kweli kabisa. Wiki ijayo mwenye nyumba huyo huyo atafika kwa ndugu zake na atataka kusikia ile nyingine.

Kwa hiyo usemi wa kijanja haupimwi kwa kuuliza kama ni kweli kwa watu wote. Hupimwa kwa kuuliza kama umemfika aliyekusudiwa, kwa kipimo, na kama baada yake watu wameweza kuendelea kuishi. Kitabu cha methali za Mombasa alichokichapisha mmisionari W. E. Taylor mwaka 1891 ni hazina, na vilivyofuata kutoka kwa waandishi wetu ni hazina zaidi. Lakini vingi vimepangwa kwa alfabeti. Haraka iko kwenye H, Chelewa iko kwenye C, na katikati yao hakuna mtu anayechelewa wala anayeharakisha. Ni kama kuweka funguo za mji mzima kwenye sanduku moja kwa kufuata ukubwa, kisha kuzisifia kwa kung'aa.

Sasa wapinzani. Wa kwanza ananiambia: unachokisifia ni woga. Mtu mwenye ubinadamu humwendea mwenzake akamwambia usoni. Pingamizi hili lina heshima yake, na mara nyingi hutolewa na watu wenye nyumba zenye uzio. Namwomba mpinzani aingie kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo cha wote. Wapangaji sita, luku moja, kamba moja ya kuanikia. Humo, kusema usoni kuna bei. Ugomvi wa wazi unamtaka kila mpangaji achague upande, mama mwenye nyumba aamue, na mtu mmoja ahame mwezi huu huu akiwa amelipa kodi ya miezi sita mbele. Kijembe kinatoa onyo kwa gharama ya doti moja ya kanga, ambayo nusu yake unabaki nayo ya kubebea mtoto. Kuuita huu woga ni kumhukumu mtu anayetembea juu ya kamba kwa kuwa hakimbii. Zaidi ya hayo, aliyevaa jina kali amejitokeza: amelibeba mwilini mwake, mchana kweupe, njia nzima kwenda na kurudi sokoni. Mwoga ni yule anayenong'ona nyuma ya dirisha.

Mpinzani wa pili ni mgumu, na sitamwondoa kwa mzaha. Anasema kijembe ni ukatili uliovaa tabasamu, kwamba kinamchagua asiyeweza kujibu: mgumba, aliyeachwa, aliyeolewa akiwa mke wa pili, msichana wa kazi. Kweli kabisa. Pazia lile lile linalomlinda mnyonge anapomsema mwenye nguvu humlinda mwenye nguvu anapomchoma mnyonge, na nyimbo za mipasho zimejaa mifano ambayo mtu angeona haya kuisoma kwa sauti mbele ya aliyetendwa. Sina jibu linalofuta doa hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba chombo chenyewe kina mizani ndani yake ingawa haiko sawa kila siku: mgomvi hana haki ya kuwa wa mwisho. Kanga inajibiwa kwa kanga, na ile ya kujibu inauzwa duka lile lile kwa bei ile ile. Aliyechomwa kwa hasidi anaweza kesho kutoka na “Mdhaniaye ndiye kumbe siye” na mtaa ukacheka upande wake. Lakini hii inamhitaji awe na fedha ya kanga, na uso wa kutokea nje, na si kila aliyechomwa anavyo vyote viwili. Hapo wapinzani wangu wanashinda, na ni haki washinde.

Wa tatu ananikumbusha kwamba kanga nyingi hazina kijembe chochote. “Nani kama mama.” “Sisi sote abiria, dereva ni Mungu.” Zipo za harusi, za Idi, za vyama vya siasa, na mwaka 2008 zilitoka za kumpongeza Barack Obama. Ni kweli, lakini namwomba mpinzani asiharakishe. “Nani kama mama” ikitolewa na kijana kumpa mama yake ni shukrani. Ikivaliwa na mama huyo huyo siku anayokwenda kumtembelea mkwe wake, mimi nisingependa kuwa mkwe. (Mnacheka, basi mmeshanipa ushahidi kuliko niliouleta.) Neno halikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni mlango uliofunguliwa. Hata usemi mpole kuliko zote hungoja kuelekezwa, na siku ukielekezwa unauma kama wenzake.

Niseme kidogo juu ya tunakokwenda. Jina la kanga sasa limehamia kwenye stetasi ya WhatsApp, na wengi wanaona ni mkondo ule ule. Naona tofauti tatu, mbili zikiwa mbaya. Stetasi ina mwenyewe: picha yake na jina lake vipo juu, kwa hiyo hawezi tena kusema alipenda rangi. Kwa kawaida inamwonyesha aliyeandika orodha ya waliosoma, kwa hiyo si rahisi aliyelengwa ajifanye hakuona, na ile njia ya kutokea iliyowafaa wote wawili imezibwa. Na inafutika baada ya saa 24, ambayo pengine ni rehema, maana kanga nzuri hudumu miaka na ugomvi uliokwisha huendelea kufuliwa na kuanikwa. Tusishangae kuona maneno yaleyale ambayo uani yalimalizika kwa kicheko yanafika kwa mjumbe wa shina, na wakati mwingine polisi. Maneno hayakuongezeka ukali. Pazia ndilo lililotoboka.

Ndiyo maana ninawaomba wanafunzi kazi, na kazi yenyewe ni ya miaka michache ijayo, kabla waliozitumia semi hizi hawajatuacha. Mkikusanya semi, za kanga, za madigadi, za barazani, msikusanye usemi peke yake. Andikeni ulitoka kwa nani kwenda kwa nani kwa uhusiano, si kwa jina: mke mwenza kwa mke mwenza, mpangaji kwa mpangaji, mtoto wa kambo kwa baba. Andikeni saa, andikeni alikuwa akielekea wapi, andikeni aliyesemwa alifanya nini siku ya pili na ya saba. Andikeni na zile ambazo hazikufika, kwa maana kijembe kilichopotea njia kinafundisha kuliko kilichofika. Haitahitaji mashine wala fungu kubwa la utafiti. Anzeni kwenye duka la kanga, asubuhi, kabla wateja hawajajaa, mkae kando kwenye kigoda kama muuzaji ataruhusu. Atakapoingia mteja akaomba aonyeshwe majina, msikilize vizuri swali la muuzaji. Yeye amekwisha kulitatua tatizo la mhadhara huu miaka mingi kabla yangu, maana kabla hajagusa rafu huuliza, “Ya kuvaa mwenyewe, au kuna mtu?”